Taa ya Kaka Priyal

Nyuma ya Hekalu,
Badulla.
30 Mei 2024

Mpendwa Shangazi Hemamali,

Pole na kazi huko Milano. Miguu inaendeleaje? Na yule bibi unayemtunza, bado anagoma kula? Huku wote wazima isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu si wa hospitali.

Kila mara unaniomba namba ya Kaka Priyal ya Kuwait. Shangazi, hayuko Kuwait. Tangu mwaka juzi amefungwa hapa hapa mjini, kwa kuiba nyaya za umeme. Hapa kila mwenye kaka asiyeonekana husema yuko Uarabuni, na mimi nikafuata mkumbo ili wakwe zangu wasinidharau. Nilipomtembelea gerezani nikamwambia na kaka mwenyewe kwamba nimesema hivyo, asije akaniumbua.

Sikukuu ya Vesak, tunapomwadhimisha Buddha kwa taa, wafungwa walitundika nje ya lango la gereza taa waliyoiunda kwa mianzi na karatasi, kubwa kama kibanda. Nilikwenda na mama mkwe. Pande zake zilichorwa maisha ya ndani ya jengo lile lililoachwa na Waingereza: wanaume wamelala ubavu kwa kukosa nafasi, ndoo pembeni, maji yakichuruzika ukutani. Upande mmoja kulikuwa na mwanamke kwenye wavu wa wageni, ameinamisha uso asionekane. Kovu la kidevuni lilikuwa langu.

Mama mkwe akasogea. "We Sumudu, si wewe huyu?"

"Mama nawe! Mimi na wafungwa wapi na wapi?" Nikacheka.

Kaka alikuwa pale pale na sare yake nyeupe, ameshika waya wa taa, askari kando. Alisikia yote.

"Huyo ni dada yangu, mama," akamwambia. "Yuko Kuwait."

Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Asubuhi yake mama mkwe alinisukumia bakuli la wali wa nazi. "Mpelekee kaka yako. Kwa sura zinazofanana vile mngemficha nani? Nilikuwa nangoja tu useme."

Nikaenda. Askari aliponiuliza mimi ni nani wake, nilijibu kwa sauti, foleni nzima ikasikia: dada yake. Akaingia ndani, akarudi peke yake. Kaka amekataa kutoka. Anasema dada yake yuko Kuwait.

Nakuomba umwandikie wewe, barua yako ataipokea.

Nisalimie Mjomba Sarath na Dilini. Buddha akukinge na kila baya ugenini.

Akupendaye, ingawa anaona haya kujiita wako,
Sumudu