Bunduki ya Ami na Marufuku ya Paa

Kwa Ami yangu Khalfan, Mungu akurehemu.

Shikamoo. Mimi Suleiman, mtoto wa nduguyo, uliyeniachia bunduki yako kwa wasia, naandika kwa adabu kukuarifu yaliyobadilika hapa Ibra tangu tulipokuzika, na kukuomba uamuzi juu ya bunduki hiyo.

Mkeo amemaliza eda salama.

Serikali imepiga marufuku kuwinda paa. Liwali alitukusanya akatufafanulia: hata jangwani, hata Ijumaa, hata dume.

Naandika "paa" kama ulivyotuamrisha. Tulipofika huku Uarabuni kutoka Unguja sote tulijitia Uarabu, sala ikawa "swala". Ijumaa moja ukaaga, bunduki begani, "Nakwenda swala," na mkeo akakujibu, "Msikiti gani unaokwendewa na bunduki? Imamu kakukosea nini?" Tangu hapo mnyama akawa paa tu nyumbani kwetu. Nimecheka peke yangu, Ami. Nimeiweka kalamu chini kidogo.

Sasa nafika kwenye shauri lenyewe. Mwanao Nassor amenunua Landrova. Kila Alhamisi, kazi zikifungwa, huenda na wenzake jangwa la Bidiya kupanda vilima vya mchanga, na sasa anaidai bunduki. "Ya baba yangu hiyo. Na jangwa ni la Mungu, nani atatuona?"

Nilimkumbusha kanuni zako. Kwenye ardhi isiyo na mwenyewe, ruhusa huombwa kwa wanaolisha mbuzi hapo, na kahawa yao hunywewa kwanza. Jike haguswi. Penye maji hapapigwi risasi. Bismillahi hutangulia kidole. Na mnyama hufuatwa kwa miguu, kwani ulikuwa ukisema, "Anayemfukuza paa kwa gari si mwindaji, ni dereva."

Akacheka. "Basi mimi dereva, kaka. Lete bunduki."

Uliusia mambo mawili: kila msimu wa baridi niwinde dume mmoja, nyama wapewe majirani, na bunduki isitoke katika ukoo. La kwanza nimelibadili bila ya idhini yako. Nilichinja mbuzi, nikagawa. Majirani wamekuombea dua, ingawa mmoja aliuliza, "Paa gani huyu mwenye mafuta hivi?"

La pili limenishinda. Nikimpa Nassor, nitakuwa nimemtia mwanao hatiani kwa mkono wangu. Nikiisalimisha kwa liwali ili asiifikie, nimeuvunja wasia, naye Nassor ameapa kwamba hatosema nami tena. Sina ndugu mwingine huku. Na akibisha hodi, Ami, sauti ni yako. Hilo sikujitayarisha nalo.

Nakuaga kwa heshima. Naahidi kumtazama mkeo kama mama yangu, na kutomchukia Nassor kwa lolote litakalotokea.

Atakuja Alhamisi baada ya alasiri. Kwa hiyo naomba uamuzi wako: nimpe, au nisimpe?

Wako mtiifu,
Suleiman