Sauti kutoka kwenye mahindi

Mjukuu wangu Mado,

Hapa Ruashi tuko wazima. Mume wangu mpya, huyo babu yako mtamu, hunishika mkono hata nikisonga bukari, ugali wetu wa huku.

Unauliza uanze na lipi: masomo, kwaya, maji au mdogo wako. Nilipokuwa na umri wako, nilikuwa nikiandika masomo huku nikimlinda mdogo wangu. Nikasikia mama akiniita kutoka kwenye mahindi. Niliinuka niitike, nikamwona mtoto akitambaa kuelekea jiko la mbabula lenye makaa ya moto. Nikamkimbilia yeye kwanza.

Mama akatokea barabarani na kikapu. “Nani alikuita? Miye natoka ku soko.”

Anza na asiyeweza kungoja, mpenzi. Wengine wataita tena. Ila ile sauti ya kwenye mahindi haikuita tena, na hadi leo sijui ilikuwa ya nani.

Nkambo wako, bibi arusi