Ukuta Uliopiga Hodi

Jumatatu, 6 Februari 1984
Lipu ya sebule, siku ya nne. Saruji inakauka kabla sijairudia kwa mwiko. Kazungu, anayenikorogea, analalamikia kiuno. Nyumba yenyewe siipendi. Duara tupu, kuba juu, baraza hakuna, ukutani hata kidaka kimoja cha kuwekea taa hakuna. Tangi la maji hili. Baba angecheka. Nusu ya vidaka vya mtaa wetu wa Shela alivichonga yeye.

Jumatano, 8 Februari
Nimefanya upumbavu. Nilichimba kidaka ukuta wa mashariki nikijua ramani haina. Bi Rukia, msanifu wa nyumba, binti wa hapa hapa Malindi, akakiona. Hakunigombeza. "Fundi Shee, kizibe tu. Kisha uutazame ukuta huu tangu adhuhuri hadi alasiri. Usipokwambia kitu, nitakuacha ukichimbe tena." Nimekiziba. Aibu, na umri huu wangu.

Alhamisi, 9 Februari
Saa nane, mwanga wa dirisha la magharibi ulikuwa sakafuni, mwembamba kama ukanda. Saa kumi ulikuwa umepanda ukutani, umejikunja na duara. Kidaka kingeukata katikati. Nilitazama mpaka saruji ikagandia karaini. Nyumba nzuri hii. Nasema hapa tu, Kazungu asinisikie.

Jumamosi, 11 Februari
Kazungu ameacha kazi. Jukwaa tumeshalibomoa, sebule imebaki tupu. Tulikuwa tunarudi kutoka kula, nikapiga hodi mlangoni kwa mazoea. Ndani kukajibu: "Hodi." Sauti nzito, ya mtu aliyejaa chokaa kifuani. Nikamwambia ni mwangwi. Akasema, "Mwangwi humrudishia mtu sauti yake, fundi. Ile si yako." Karai akaliacha pale pale, akaenda zake kwao Kakuyuni.
Na ni kweli. Sauti yangu nyembamba.

Jumatatu, 13 Februari
Peke yangu. Nimejaribu tena. "Hodi." "Hodi." Sauti ya baba ile. Najua ni mwangwi. Ni ya baba.
Niandike nisichowahi kuandika. Nilipoacha ufundi kwenda kuvuna chumvi Marereni, aliniambia, "Usipige hodi kwangu tena." Nikashika neno lake miaka miwili, kwa kiburi. Niliporudi alikuwa amezikwa jana yake. Nilisimama mlangoni nikapiga hodi, hakuna aliyenijibu. Nyumba ile ndimo ninamolala sasa. Chumba chake sijakifungua hadi leo.

Jumanne, 14 Februari
Bi Rukia kapiga makofi sebuleni, akacheka yaliporudi. Amenieleza: ukuta mtupu wa duara hurudisha sauti, vidaka huivunja. Kesho kutwa vinaletwa zulia na mapazia, na mwangwi utakwisha. Alisema kwa furaha. Mimi chakula kimenishinda.
Alasiri nilikuwa naosha mwiko nje, sijasema neno. Ndani: "Hodi." Nimekimbia mpaka barabarani. Mwiko mkononi.

Jumatano, 15 Februari
Sikulala. Kulipokucha nikafahamu nilipokosea. Siku zote hizi nasubiri nikaribishwe. Lakini anayepiga hodi ni yeye. Yeye ndiye aliye nje, na mimi nimenyamaza tu, kama alivyoninyamazia.
Nilingoja saa kumi, mwanga ukapanda ukutani. Nikasema, "Karibu, baba."
Kisha ukuta: "Karibu."
Basi. Neno moja. Mwangwi hurudisha neno la mwisho. Huu ulirudisha la kwanza.
Nimelia kwa sauti, na kilio changu hakikurudi.

Ijumaa, 17 Februari
Nilikwenda kuchukua ngazi yangu. Zulia limetandikwa, mapazia yametundikwa. Nikapiga hodi, sauti ikafia mlangoni. Bi Rukia alikuwa amesimama katikati anatazama mwanga. Nikasimama naye. Nikamwambia ukuta huu usitundikwe picha yoyote, akasema hata yeye amewaambia wenye nyumba hivyo.
Nyumbani nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa baba. Vumbi. Vidaka vyake tisa, na katika kile cha chini, mwiko wake, bado una chokaa. Nimefagia, nimefungua dirisha, nimetandika kitanda. Nitalala huku.
Sikupiga hodi.