Fulana ya Kileleni

Jumapili, 11 Januari

Mimi nimezaliwa na bahati ya baridi. Lazima niiandike, maana wengine hawanayo. Leo baada ya ibada nimesimama kituoni hapa Brooklyn Center, gari kaenda nalo Mama Noela kazini, basi limechelewa, digrii tatu tu za Fahrenheit juu ya sifuri, baridi ya kugandisha. Kofia nimeishika mkononi kama waziri anayesubiri gwaride. Watu wamejikunja, wananishangaa. Mafua nayasikia kwa majirani.

Habari yenyewe. Vijana wa kanisa wanapelekwa kuteleza kwenye theluji, Jumamosi ya tarehe 24. Wako wanane, na Noela wangu yumo. Dada Mueni, yule muuguzi Mkenya anayewaongoza, akauliza mbele ya watu ni nani anajua mavazi ya mlimani. Sikungoja amalize. Nikasimama, nikawapa ile ya Kilimanjaro. Miaka kumi na tisa, mpagazi, nimefika kilele cha Uhuru na fulana moja ya pamba chini ya koti. Begi la Eliya, mpagazi mwenzangu, nimelibeba juu ya langu, maana Eliya alilia kwa baridi pale kambi ya Barafu, akashindwa kuendelea. Wakacheka, wakapiga makofi. Noela alikaa mbele, anatabasamu kama hiyo fulana ni yake.

Dada Mueni akanikabidhi kazi papo hapo: nichague nguo za kuvaa ndani ya makoti kwa watoto wote wanane. Na niende nao kama mlezi.

Nimeishi Dubai, nimelala Istanbul, sasa mimi ndiye waziri wa mavazi. Bahati tu.

Jumanne, 13 Januari

Dada Mueni ametuma karatasi ya wenye kilima cha kutelezea. Noela amenisomea. Nguo ya kwanza ibane mwili, iwe ya sufu au poliesta, itoe jasho mwilini. Ya pili iwe nyepesi, yenye manyoya, ishike hewa ya moto. Ya tatu koti, lizuie upepo. Halafu kwa herufi kubwa: pamba hapana. Noela akainua macho akaniangalia, akacheka. Nami nikacheka.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini hili sikuhitaji kusomewa. Najua pamba mbichi ikikaa mgongoni. Basi, inatosha.

Kazini nimefanya mtihani. Hapo hotelini Bloomington mimi ndiye mfalme wa dobi, mashine sita zinanisikiliza. Nimelowesha fulana ya pamba, shati la poliesta na soksi ya sufu, nikakamua, nikatundika. Baada ya nusu saa shati limekauka. Soksi ina unyevu lakini mkononi ina joto. Fulana ya pamba bado inadondosha maji, na baridi kama samaki. Nimeishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bosi akapita akauliza kama niko sawa.

Niko sawa.

Alhamisi, 15 Januari

Siku ya mapumziko. Nimezunguka maduka ya mitumba kule Phillips mpaka miguu imekataa. Mitumba ndiyo chuo kikuu changu. Moshi pale soko la Memorial nimeuza makoti ya skii, ya kutelezea theluji, miaka miwili, kabla na baada ya mlima. Mengine yalikuja na kikaratasi kimefungwa kwa waya kwenye zipu. Sikujua ni nini. Wateja niliwaambia hiyo ni alama ya ubora wa Ulaya, na hayo yenye karatasi niliyauza kabla ya wenzangu wote. Fundi wa maneno.

Leo, kwa kuanzia, nimepata fulana tano za kubana, zote poliesta. Suruali za ndani nne. Sweta mbili za sufu safi, moja ina tundu kwenye kiwiko, nitaliziba mwenyewe. Nazishika kwa vidole viwili, nazisugua shavuni, muuzaji ananiona kichaa.

Soksi: jozi moja nene inatosha kwa mtu. Wazazi wengine wanataka mbili mbili. Mbili zinabana kiatu, damu haipiti, vidole vinaganda. Nimewaandikia kwenye kundi la simu kwa ukali. Mama Trésor, yule Mkongo, akajibu, "Ndiyo, Papa Noela, chef wa mlima." Kwao chef ni mkuu. Wakaweka vicheko.

Kila wakiniita hivyo naweka simu chini.

Jumamosi, 17 Januari

Kupima nguo ukumbini. Watoto saba wamevaa nilichowapa, zimewaenea. Wa nane ni wangu. Noela kakataa. Anasema ile fulana ya kubana inamfanya aonekane kama pengwini, yeye atavaa fulana yake ya pamba na koti juu, basi. Nikamwambia utaganda. Akanijibu kwa Kiingereza chake, macho kwenye simu, kwamba baba yake alifika Uhuru na fulana ya pamba, na yeye ana damu ya baba yake.

Mbele ya wote. Wakashangilia.

Nilisema Kilimanjaro ni tofauti. Akauliza tofauti gani, kule si ndiko juu zaidi? Dada Mueni naye akanitazama kama anasubiri jibu. Nikapiga utani kuhusu pengwini. Utani wangu wa kwanza kufeli mwaka huu.

Mtoto ana miaka kumi na minne. Aliletwa hapa ana miaka mitatu. Shuleni walimuuliza baba yako anafanya kazi gani, hakusema dobi. Alisema alipanda Kilimanjaro. Najua kwa sababu mwalimu aliniambia, alinipa mkono kwa heshima kabisa.

Jumatatu, 19 Januari

Nimeificha ile fulana ya pamba ndani ya mfuko wa mataulo. Kaipata. Hakuna ugomvi, kaichukua tu.

Jumanne, 20 Januari

Noela yuko mezani na rangi na kitambaa, nikiingia anafunika. Wenzake wawili walikuja, wananong'ona, wananiangalia, wanacheka. Nilidhani kuna mvulana. Natamani angekuwa mvulana.

Alhamisi, 22 Januari

Utabiri umebadilika. Jumamosi asubuhi digrii nne chini ya sifuri, na upepo juu yake. Nimeangalia simu mara nyingi kuliko siku ya mechi. Wenye kilima hawajaahirisha. Watu wa hapa hawaahirishi kitu, wao hii ni hali ya hewa tu.

Naogopa. Nimeandika, naogopa.

Mama Noela kaniuliza nina nini. Nikasema naogopa Noela atavaa pamba. Akasema si umwambie. Nikasema nimemwambia. Akaendelea kukunja sare zake za kazini, halafu akasema, "Baba Noela, hadithi hiyo ulinitongoza nayo, nikaichukua kama ilivyo. Mimi nilikuwa mtu mzima. Yule ni mtoto."

Miaka kumi na saba nalala na huyu mwanamke, sikujua anajua.

Ijumaa, 23 Januari

Nimepanga begi. Fulana nane nyingine za kubana za akiba, sweta, soksi kavu, glovu. Begi zito kama la mzungu wa njia ya Machame. Nimejaribu kumwita Noela tuongee. Akasema kesho, Baba, kesho nina kitu cha kukuonyesha. Akanikumbatia. Huwa hanikumbatii tena siku hizi.

Nikamwachia. Mwoga.

Jumamosi, 24 Januari

Naandika ndani ya basi, mwandiko unaruka.

Saa moja asubuhi, uwanja wa kanisa. Watoto wamejipanga mstari. Noela akahesabu, moja, mbili, tatu, wakafungua makoti wote kwa pamoja. Fulana nane nyeupe. Pamba. Kila moja imechorwa kilele cha Kibo kwa mkono, theluji ya bluu, na chini yake jina langu. Noela ndiye amechora zote nane. Zile poliesta zangu wamezivua, ziko nyumbani kwao. Ili tufanane na wewe, akasema.

Wazazi wakapiga picha. Dada Mueni hakupiga. Alinivuta kando akasema kwa sauti ya chini, "Baba Noela, mimi naona watoto wa kupelekwa hospitali hapa. Wewe ndio unajua mlima, niambie kama ni sawa." Nikamwambia wataanza kwa kilima cha watoto, nitawaangalia.

Nilicheka. Nilipiga picha katikati yao. Nilipanda basi.

Nani ana akili kama zangu? Natoa mfano wa kijinga, watoto wanane wanauvaa.

Noela amekaa mbele yangu. Namwona kisogo.

*

Tumerudi. Saa kumi na moja jioni. Wote wazima. Naandika hilo kwanza.

Pale mlangoni kijana mmoja alitufungia vikaratasi kwenye zipu kwa waya. Nikakiangalia changu. Kumbe ni ruhusa ya kupanda lifti. Miaka yote ile nilikuwa nauza tiketi za watu zilizokwisha. Kwa siku nyingine ningecheka mpaka jioni.

Saa moja ya kwanza walikuwa wanaanguka na kuinuka, wanavuta pumzi, wanatoka jasho. Hapo ndipo hatari ilipo. Si wakati wa kuteleza. Ni pale unaposimama. Wakajipanga foleni ya lifti, ile ya viti vinavyopita juu kwenye waya, na upepo ukaja. Noela aliacha kuongea. Noela haachi kuongea. Midomo imekuwa kijivu. Nikavua glovu, nikapitisha mkono shingoni mwake kwa nyuma mpaka mgongoni.

Mbichi. Baridi kama samaki.

Sikumbuki niliwatoaje kwenye foleni. Wanasema nilipiga kelele hadi lifti ikasimamishwa. Niliwaingiza wote kwenye nyumba ya kupumzikia, nikamwaga begi juu ya meza ya watu wanaokula, nikawaambia wavae kikavu, sasa hivi, wasichana choo kile, wavulana kile. Mmoja akasema lakini Uhuru wewe ulivaa pamba.

Nikawaambia, "Uhuru nilikuwa na sweta la sufu ndani. Ile fulana nilitia chumvi. Vueni."

Trésor akasema, "Basi ulitudanganya, Papa Noela." Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma bei dukani. Wengine wakacheka kidogo, wakaenda kubadilisha. Dada Mueni akawakagua vidole na masikio, mmoja mmoja, hakuniangalia.

Noela alitoka chooni na fulana yake imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Amevaa ile ya kubana na sweta lenye kiwiko nilichoziba. Hafanani na pengwini hata kidogo. Akanipita.

Walirudi nje, wakateleza mpaka mchana, wakafurahi. Mimi nilikaa dirishani nawahesabu. Kwenye basi Noela alikaa nyuma kabisa.

Na bado nilibania ukweli. Hata pale, mbele ya mtoto anayetetemeka, nilijibakizia kilele. Nilijibakizia na sweta.

Jumapili, 25 Januari

Sikwenda kanisani. Mama Noela kaenda, hakunilazimisha.

Fulana imetundikwa bafuni. Mabega yamekauka, pindo bado lina unyevu. Rangi ya Kibo imepasuka kidogo pale kwenye theluji.

Mchana nilikuwa napiga pasi. Noela akaja akasimama mlangoni pa jikoni. Nikadhani anataka chai. Akaniuliza, kwa Kiswahili, yeye ambaye nikimsalimia ananijibu Kiingereza:

"Hilo sweta lilikuwa la nani?"

Sijui alijuaje kuuliza hilo. Nikaweka pasi chini.

"La Eliya."

Akavuta kiti. Nikamwambia yote. Mvua ilininyeshea siku ya tatu, fulana ikalowa, sikuwa na nyingine. Pale kambi ya Barafu nilianza kuongea ovyo, nikataka kuvua koti kwa sababu nilisikia joto, baridi ikizidi hudanganya. Eliya akanivua ile fulana kwa nguvu, akavua sweta lake mwenyewe, akanivisha, akanibeba mgongoni kushuka njia ya Mweka. Yeye alibaki na shati chini ya koti. Wageni walifika kileleni na wapagazi wengine. Nilipofika Moshi, siku ya kwanza sokoni, watu wakaniuliza ilikuwaje, na maneno yakatoka kwa mpangilio mwingine. Eliya alikuwepo. Alisikia. Aliniacha niseme. Sweta sikumrudishia.

Noela aliuliza kama yu hai. Sijui. Akaniambia nimtafute. Nimempigia shemeji yangu wa Moshi, kasema ataulizia kwa wapagazi wa Machame. Tunasubiri.

Kisha Noela akaanza kukunja shuka nilizopiga pasi. Hakusema amenisamehe. Amekunja zote.

Sasa nisahihishe hapa. Sikufika Uhuru. Aliyelia Barafu ni mimi, aliyebebwa ni mimi. Siku ile kituoni kofia niliishika mkononi kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na basi lilipokuja nilikaa kiti cha nyuma nikaivaa mpaka machoni, masikio yananiuma hadi nyumbani. Sina bahati yoyote ya baridi. Niliandika uongo.