Hadithi za Mchana

Jumamosi. Baridi ya Julai, manyunyu ya asubuhi, Mlima Meru haujaonekana na hakuna aliyeuulizia.

Ninautangazia umma, kwa heshima zote, kwamba rimoti ya televisheni ya nyumba hii imezikwa kwenye ndoo ya unga wa sembe. Mazishi yalihudhuriwa na mimi peke yangu.

Nilisoma kwenye simu kwamba mtoto anayesimuliwa hadithi kwa mdomo anakuwa na ubunifu zaidi kuliko anayekodolea katuni. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe, kwa hiyo nikisoma kitu huwa nakiamini haraka.

Na nilikuwa na shida yangu. Watoto wa mume wangu wananiita anti, kama wanavyomwita muuza vocha wa hapa Daraja Mbili. Upendo ana miaka tisa. Jina walimpa kabla hawajamjua. Godi ana sita na anamfuata dada yake kama mkia. Mama yao mzazi aliondoka, yuko Dodoma na maisha yake. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: waniite mama. Hata kwa kupitiwa.

Nikamleta mama mkwe kutoka Kikwe. Alishuka na mkungu wa ndizi na mazimwi yake yote. Mazimwi ya Bibi hayaombi msamaha. Yanameza mtu, yanatema kucha. Jioni nazima taa, nasingizia umeme umeisha, watoto wanamganda, mimi nakaa pembeni nachambua mchele na kujipongeza.

Sheria ya Bibi ni moja: hadithi ni za giza. Anayesimulia mchana, mama yake anakufa. Alilisema hilo kama mtu anayesema maziwa yamechacha. Hata mume wangu, mtu mzima anayeuza vipuri vya magari, ukimwomba hadithi asubuhi anatazama dirishani kwanza.

Leo mchana Bibi alikuwa amejilaza. Nikatoka kuangalia nguo kama zimekauka, nikasikia nyuma ya banda la kuku: hadithi njoo, uongo njoo.

Nikanyata.

Walikuwa wamechuchumaa chini ya upenu, Upendo anasimulia, Godi anaitikia. Wakimaliza moja wanaanza nyingine, haraka haraka, kama vibarua wanaoshusha mzigo kabla mvua haijawakuta. Katikati Godi akauliza kama anti ameshakufa. Upendo akanyoosha shingo kuelekea jikoni.

"Bado. Ngoja tusimulie ile ndefu."

Ubunifu, basi, ndio huo.

Mtu mwema angerudi ndani kimya. Mimi nilisogea mpaka wakaiona miguu yangu, nikasema taratibu, kwa sauti ya kuomba chumvi: "Bibi alisema anayekufa ni mama. Mimi ni anti tu. Sijui huyo wa Dodoma kaamkaje."

Godi hakuelewa. Upendo alielewa. Niliona inavyomfika, ikianzia kwenye midomo.

Na iliniburudisha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilitegemea alie. Nilishamwandalia hata bega. Lakini yule mtoto alitazama chini kidogo, akamfuta mdogo wake kamasi, akamshika kichwa na kukigeuzia kwangu.

"Godi, huyu ndiye mama. Msalimie."

"Shikamoo mama."

Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje, nimeisubiri tangu niolewe.

Mchana kutwa nimekuwa mama. Mama, chai iko tayari? Mama, nikusaidie kufagia? Wananiita kwa sauti, milango wazi, majirani wasikie, na yeyote mwingine anayehusika asikie vizuri asije akakosea nyumba. Bibi alipoamka akasema Mungu ni mwema, watoto wamelainika. Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni na kofia mkononi kama yuko kanisani, kisha akatoka tena, akarudi na kuku wawili. Wakati wa kula akaniambia zile hadithi zimefanya kazi. Nikamwambia zimefanya.

Sikumweleza mtu. Nilikula paja. Nilikuwa nimependwa na watoto wawili wanaoningoja nife, na ukweli, Shajara, nilijikuta nimekaa wima, nawajazia mchuzi, nikiitika kila ninapoitwa. Nikajiuliza hali hii inaweza kudumu muda gani kama nitajitunza.

Saa moja jioni mama yao akapiga simu kutoka Dodoma. Ana mafua kidogo, vinginevyo mzima kabisa. Alimaliza kuongea na Upendo, akaongea na Godi, akakata.

Godi akanirudishia simu, akasema, "Anti, naomba maji."