Supu ya Naserian

Jumamosi, Kitengela

Daktari mzima wa jeshi, na kula hajui! Mjukuu wangu Naserian amekuja likizo kutoka hospitali ya vitani, amekonda kama mbuzi wa kiangazi. Lakini mlangoni aliinamisha kichwa nimguse, kama alipokuwa mtoto. Hapo nikamsamehe kidogo.

Nikamwekea supu. Hakuigusa.

"Koko, kuna askari alinifia mkononi. Anaitwa..."

"Nyamaza! Sisi hatutaji jina la aliyekufa. Hiyo hawakukufundisha huko kwa udaktari?"

Akanyamaza kweli, macho yakajaa maji. Nikaogopa. Mtu akimeza maneno hivyo, chakula hakipiti.

"Basi jina liache. Niambie alikuwa mtu wa aina gani."

Alikuwa kijana wa Bisil. Na risasi tumboni, bado alikuwa anauliza kama mvua imenyesha kwao.

"Nilimwambia imenyesha, Koko. Nilidanganya."

"Ulifanya vizuri. Sasa kunywa, mafuta yanaganda."

Alikunywa bakuli mbili. Saa hii amelala kwa kitanda changu, anakoroma kama ndume. Mimi niko kwa kiti, na mgongo huu...

Nje mvua inaanza. Ifike na Bisil, mjukuu wangu asiwe mwongo.