Sindano Zangu si Uchawi

Mtaa wa Ampisikina, Jumatano, baada ya Isha.

Chooni! Shangazi amezitupa sindano zangu za kupimia chooni, tena kwa Bismillahi.

Nilizitengeneza kwa ajili ya hizi redio ndogo za transista zilizozagaa mjini tangu uhuru, ambazo watu huniletea nizitengeneze. Ncha za mita yangu ya kupimia umeme ni nene, zinagusa miguu miwili ya transista kwa pamoja, na hapo kitu kimeungua. Basi nikachukua sindano mbili nyembamba, nikaziunga kwenye waya za mita kwa risasi ya kuyeyusha, nikazizungushia uzi hadi karibu na ncha. Moja uzi mwekundu, nyingine mweusi, nisije nikachanganya chanya na hasi.

Shangazi akaziona mezani kwangu. Hakuuliza. Alijua tu kwamba nimerogwa.

Laiti angeishia hapo! Sindano nyembamba vile mtaani kwetu anazo Bi Zahara peke yake, jirani yetu mshona kofia. Shangazi akasimama uani, akamwita mchawi mbele za watu.

"Nimekuokoa, mwanangu," ananiambia huku akinipakulia wali. Nimeuacha ukapoa.

Redio ya mwalimu mmoja wa kisiwa cha Nosy Be, aliyeniletea niitengeneze, iko wazi mezani, na kesho anarudi kwao. Ataondoka nayo bubu vilevile, na maneno yake nitayameza.

Lakini Bi Zahara zile sindano alinipa bure, akaniombea na dua. Jioni nimekwenda kupiga hodi kwake. Nimemsikia ndani akitia komeo.